Swichi Chini ya Plasta

Wajukuu wangu wananiambia simu zao zinahama zenyewe kutoka bendi moja ya Wi-Fi hadi nyingine, mwenyewe hata hajui. Redio yetu ya miaka ile ya tisini haikuhama bendi mpaka usukume swichi kwa mkono, na mzee wangu alikuwa amebandika plasta juu ya swichi hiyo. Mara moja aliihamisha, akapotelea kwenye sauti za Kiarabu, ikamchukua siku nzima kuirudisha stesheni. Basi akasema hakuna wa kuigusa tena.

Binti yetu aliyeolewa Kitale akalazwa hospitalini. Mkwe alituma neno kwa mtu aliyekuwa akija huku Magwagwa: tusikilize matangazo ya vifo jioni, maana likitokea la kutokea hana njia nyingine ya kutufikia.

Tukasikiliza. Mchana stesheni ilikuwa safi, kama mtu ameketi nawe jikoni. Jua likizama inaanza kupiga miluzi, na juu ya majina ya wafu wanazungumza watu wa nchi nyingine. Niliikumbatia redio, nikaipeleka mlangoni, nikaitoa hadi kwenye migomba. Majina yalikatika katikati. Lolote lingeweza kuwa lake.

Mhindi aliyetuuzia redio Nyamira alikuwa ametuambia, giza likiingia sukumeni swichi, stesheni ni ileile, iko upande wa pili pia. Jioni ya tatu nikamkumbusha mzee.

“Ukiihamisha utaipoteza kabisa,” akasema. “Hapa angalau tunasikia kidogo.”

“Mzee, kidogo ni nini? Mtoto wangu ni kidogo?”

Nikabandua plasta kwa kucha. Nikasukuma swichi, nikazungusha kitufe polepole. Kiarabu. Kelele. Wimbo. Mzee alikuwa ameshika kichwa. Halafu yule mtangazaji wetu, wazi kabisa.

Alitaja jina la binti yangu. Akataja la mkwe, akataja Magwagwa, akasema mazishi ni kesho asubuhi, nyumbani kwao Kitale. Akaenda kwa marehemu mwingine.

Nilichukua leso nikaanza kufunga nguo zangu. Mzee akaniuliza naenda wapi saa hii, gari la kwanza ni alfajiri, na Kitale ni safari ya kutwa. Nilijua hivyo. Nikaendelea kufunga.