Chatini ya Ukwaju na Dua ya Mama Mkwe

Nisikilize kwa utulivu, msomaji, nikueleze. Mama mkwe wangu huipenda chatini ya muuza bajia wa sokoni Bagamoyo, na husema hakuna mkamwana awezaye kuiiga.

Juzi nikaiiga: nikafinya ukwaju na pilipili mbuzi kwa vidole, ikatoka vilevile. Nikaazimia kumwambia nimeinunua, aisifu kwanza.

Akafika mapema. Nikajifuta vidole kwa kanga tu.

“Shikamoo, mama. Nimekununulia chatini yako.”

“Marahaba, mwanangu!”

Akanishika mikono yote miwili, akatuombea dua, akasema “Amin” na kujipangusa uso kwa viganja. Papo hapo akapiga ukelele.

“Ya kununua ndiyo iliyokuganda vidoleni?”

Ukishafinya pilipili, nawa kwa sabuni kabla hujampa mtu mkono.