Vidonge Kwenye Pindo la Kanga

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, makalio yangu hayakutulia kwenye kigoda tangu kumekucha. Nakaa, nainuka. Natoka, narudi. Mke wangu akaniuliza kama nina siafu kwenye suruali. Nikamwambia siafu wana nafuu.

Tulikuwa Chome, kijijini kwetu kule milimani Upare. Mtoto wetu wa kwanza, Nakunda, alikuwa na miaka mitatu na kifafa. Dawa aliyoanzia ilimpunguzia kuanguka, lakini ilimgeuza chui: halali, anang'ata wenzake, ananing'ata na mimi. Ndiyo ile miaka maduka yameanza kujaa, tumeacha kupanga foleni ya sukari, na dawa ambazo hatujawahi kuzisikia zikaanza kufika Same. Daktari kule akasema tumbadilishie. Ila akakazia: "Ya zamani msiikate ghafla. Mtapunguza kidogo kidogo kama nitakavyowaambia, huku mpya inapanda. Kwa muda atakunywa zote mbili. Mkikata ghafla ataanguka vibaya."

Tukasikia, mimi na mke wangu. Mama yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akimnywesha mtoto tukienda shamba, alibaki nyumbani. Aliponiuliza daktari kasema nini, nikamjibu, "Kasema Nakunda akikua aolewe na daktari, dawa tutapata bure." Mama akacheka, mimi nikaona kazi imeisha.

Basi siku hiyo mtoto alikuwa anakodolea ukuta, mkono unashtuka shtuka. Na vidonge vya zamani havionekani. Nimepekua chini ya kitanda, nyuma ya mtungi, mpaka nimemwinua kuku aliyelalia mayai, akanidonoa. Mchana Nakunda akaanguka. Tukamlaza ubavu, tukamlegezea gauni, mdomoni hatukumtia kitu, kama tulivyofundishwa. Akaacha kutetemeka, akalala. Mimi ndiyo nikazidi kuzunguka.

Akaingia mjomba, kaka yake mama. Huyu ndiye aliyekuwa akigawa maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona unazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala?"

Nikamweleza. Akamgeukia mama. "Dada, vidonge viko wapi?"

Mama akainua kidevu. "Dawa mbili kwenye katumbo kale? Zitagombana. Nampa ile mpya tu."

"Nani kakwambia ufanye hivyo?"

"Nani kaniambia nisifanye?"

Mjomba akaniangalia. Nilitamani niwe yule kuku.

"Mdomo wako haufungwi kutwa nzima," akasema, "neno moja la maana ndiyo likakushinda kumpa mama yako?"

Kisha akamwambia dada yake taratibu, "Tukihamisha maji toka shamba la juu kwenda la chini, tunaziba vipi?"

"Si ni kidogo kidogo? Ukiziba yote kwa pamoja mfereji unapasuka, unabeba na maharage ya..." Mama akaishia hapo. Akamtazama mtoto pale kwenye mkeka. Mkono ukaenda kwenye pindo la kanga, pale anapofungaga sadaka ya Jumapili, akafungua fundo. Vidonge vilikuwemo vyote.

"Si ungeniambia tu, baba," akasema. Hakufoka. Angenizaba kofi ningelala vizuri.

Tuliteremka Same siku ileile kwa lori la ndizi, mama kampakata mjukuu. Alitaka kumsikia daktari kwa masikio yake, na alimuuliza maswali mpaka daktari akavuta kiti. Tukaanza upya, kidogo kidogo, na kila wiki mama ndiye aliyetukumbusha tumefika wapi. Nakunda leo ana watoto wake. Bado ananing'ata, ila kwa maneno.

Mwanangu, ukiwa na mtoto wa namna hiyo, dawa usiikate wala usiibadilishe kwa kichwa chako, hata kama mtoto anaonekana mzima, hata kama jirani ana ushauri wake mzuri. Hali ikikuchanganya, rudi kwa daktari. Na alichosema daktari kifikishe kwa kila anayemshikia mtoto kikombe, bibi, shangazi, dada wa kazi, tena umwambie huku umekunja uso. Mzaha uweke kando, utaukuta palepale.

Mungu akupe watoto wanaolala usiku, na asiyelala akupe moyo wa kukesha naye. Na mdomo wako, kama ni mrefu kama wangu, aubariki useme lile linalotakiwa, mapema.