Sabuni ya Kwenda Soko na Kurudi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye kila siku hufunika aibu za waja wake, na siku moja moja, kwa hekima yake, huacha pazia lifunuke kidogo ili mja ajione alivyo. Namshukuru kwa alichofunika na namshukuru kwa alichofunua. Haya ninayowasimulia yamo katika aliyofunua, tena mbele ya msikiti wa Kabambare, siku ya Ijumaa, baraza limejaa watu, na mimi, mwalimu wa chuo cha Kurani niliyefundisha watoto wa Kasongo mpaka ndevu zikawa nyeupe, nimejifunga kikwembe cha mke wangu.

Kwa muda mrefu sikutaka kuisema habari hii. Aliyeuliza nilimjibu, "Safari ilikuwa njema, alhamdulillahi," nikabadilisha mazungumzo. Lakini juzi mjukuu wangu mmoja amerudi kutoka sokoni akaniuliza kama ni kweli nilifika Kabambare uchi, basi nimeona heri niieleze mwenyewe, maana aibu ya kweli ni ndogo kuliko aibu ya kuongezewa.

Dada yangu mkubwa, Yaya Amina, ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Aliolewa Kabambare akazeekea huko, na mwaka ule akashikwa na ugonjwa ambao waganga wa hospitali walisema ni wa kumwachia Mungu. Sasa, kijana wa ukoo wetu alikuwa amerudi kutoka Hija na bidoni moja, dumu la plastiki, ya maji ya Zamzam, tukagawana hapa Kasongo kama tunavyofanya siku zote, kila nyumba kikombe kidogo cha kahawa, mtu anaelekea Kibla, anaomba haja yake, ndipo anakunywa. Yaliyobaki, kama lita tatu, sote tukasema ni ya Yaya Amina, kwa sababu maisha yake yote alitamani Maka na hakupata njia.

Jumatano, baada ya adhuhuri, binti yake Zaituni akapiga simu. Sauti ilikuwa ya chini sana.

"Mjomba, mama hali tena. Maji ya hapa anatema. Anauliza tu, ile maji ya Maka imefika? Kama unakuja, kuja sasa."

Basi hapo ndipo pa uamuzi, nao ulikuwa mdogo kabisa. Jioni ile ile alikuja Ramazani, aliyekuwa mwanafunzi wangu zamani na siku hizi anabeba watu na mizigo kwa pikipiki, akasimama mlangoni kwa adabu akasema, "Mwalimu, panda kwangu. Tukitoka alfajiri, magaribi tuko Kabambare. Ile njia inajua pikipiki tu, motokari haina rafiki kule."

Nikamwambia Mungu amlipe, lakini nitakwenda na motokari yangu. (Nisameheni, nitawaambia na sababu. Niliona mzee wa umri wangu, mwenye kanzu nyeupe na kofia ya kushona, hawezi kupanua miguu nyuma ya kijana na kumshika kiunoni kama mzigo wa mihogo. Na tena shehe wa Kabambare, aliposikia nakuja, alikuwa ameniomba kwa simu nitoe hotuba ya Ijumaa, na moyoni nilikuwa nimeshajiona nikishuka garini mbele ya msikiti, mlango unafunguliwa, watu wanasimama. Mungu anisamehe, hata mguu utakaotangulia kushuka nilikuwa nimeuchagua.)

Lakini motokari yenyewe ilikuwa inavuja. Radiatere, lile tangi la maji ya kupoza mashini, ilikuwa na tundu, na kwa mwezi mzima kila asubuhi tulikuta dimbwi chini yake na kuku wamelizunguka, mpaka mke wangu, Mama Fatuma, akaweka beseni pale, na mimi nikawa nachukua maji ya beseni nayarudisha katika radiatere, nikaona nimeshinda. Jioni ile nikamwita fundi Deo. Akalala chini, akatoka, akachukua kipande cha sabuni, akakisokota kwa vidole kama unga, akaziba tundu. Kisha akaniangalia.

"Muzee, unaenda nayo wapi?"

"Kabambare."

"Apana, Muzee. Hii sabuni ni ya kwenda soko na kurudi. Haiko ya Kabambare. Niachie siku tatu, niitoe, niichome vizuri."

Siku tatu sikuwa nazo, pikipiki sikuitaka. Nikasema, "Tutamtegemea Mungu."

Mama Fatuma alikuwa anapepeta mchele pembeni, hakuinua kichwa. "Wewe mwenyewe ulitufundisha, ngamia anafungwa kwanza, ndio mutu anategemea Mungu."

"Nimemfunga kwa sabuni," nikamjibu, nikacheka peke yangu.

Tukatoka Alhamisi alfajiri, sisi wawili, na bidoni kubwa ya maji ya radiatere nyuma, na ile ndogo ya Zamzam Mama Fatuma ameipakata kama mtoto, ameifunga kitambaa cheupe. Siku ile sikuona msitu wala watu wa njiani, niliona sindano moja tu, ile ndogo mbele ya usukani inayoonyesha joto la mashini. Ikipanda, nasoma dua. Ikishuka, nasema alhamdulillahi. Kila mto tulisimama, nikajaza radiatere, nikajaza bidoni, tukaenda tena. Wamaza tulifika jua linatua, tukalala kwa jamaa, na asubuhi nilipotazama chini ya gari hapakuwa na dimbwi hata kidogo. Nikamwita Mama Fatuma aje aone. "Unaona?" nikamwambia. Hakujibu. (Mke wangu akinyamaza, ndugu zangu, hajakubali, anaweka akiba.)

Kumbe palikuwa pakavu kwa sababu maji yote yalikuwa yameshavuja jana njiani. Nikajaza radiatere kwa nusu ya bidoni kubwa, tukaondoka.

Kulikuwa na mlima mrefu, na ulikuwa wakati wa kiangazi, vumbi tupu. Katikati ya mlima sindano ikapanda na dua haikuishusha. Nikasimama, nikamimina maji yote yaliyobaki, tukasogea kidogo, ikapanda tena. Kisha nikasikia harufu, si ya kuungua, ni harufu ya nguo zinazochemshwa, na mbele ya gari, kutoka kila upenyo, likaanza kutoka povu. Povu jeupe, jingi, linashuka juu ya taa.

Wanawake watano walikuwa wanatoka shambani na vikapu vya mihogo mgongoni. Wakasimama. Mmoja akasema, "Yoo! Shehe anafua nguo ndani ya motokari!"

Nikashuka kwa haraka ya mtu mwenye aibu, na haraka ile ndiyo iliyonimaliza, kwa maana kila mtu anajua mfuniko wa radiatere yenye moto haufunguliwi, hata mimi najua, na bado nikaufungua kwa pembe ya kanzu. Yakaruka maji ya kutu na sabuni, mekundu, kutoka kidevuni mpaka magotini. Mungu alinihurumia, nikaungua mkono tu. Lakini kanzu ile nyeupe ya hotuba ilikuwa kama ya mtu aliyechinja ng'ombe peke yake.

"Mto uko karibu?" nikawauliza wanawake.

"Kwenda na kurudi, adhuhuri itakukuta huku huku," akajibu mkubwa wao, mama mmoja mzee, mwembamba.

Tulisubiri mpaka chuma kikapoa. Simu haikushika. Niliwaza tu sauti ya Zaituni, kama unakuja, kuja sasa, na macho yangu yakaenda kwenye bidoni ya kitambaa cheupe. Mama Fatuma akaona nilikotazama, akaikumbatia zaidi.

"Nusu tu," nikamwambia. "Maji mazima yakikaa hapa mlimani yatamsaidia nini Yaya? Nusu itatufikisha, nusu atakunywa."

"Mimi siko na neno. Wewe ndiye mwalimu." Akanipa.

Nikasema Bismillahi, nikamimina polepole, na lita ile moja na nusu ya maji yaliyotoka Maka ikaingia juu na kutoka chini papo hapo, chururu, mavumbini. Sabuni ilikuwa imeyeyuka yote. Tundu lilikuwa wazi kama mlango wa sokoni.

Yule mama mzee akanisogelea. "Baba Shehe, kwa nini unasoma Bismillahi juu ya radiatere? Ile ni maji gani?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa nimeshapoteza mengi asubuhi ile, sikutaka kupoteza na ukweli. "Ni Zamzam, mama. Ya dada yangu mgonjwa."

Akatua kikapu chake chini, akatoa kibuyu, akapiga magoti, akakiweka chini ya gari panapodondoka. Wenzake wakafuata, huyu na sufuria, huyu na kikombe cha plastiki, mmoja na viganja tu. Mwingine akasema, "Mimi ni Mukristo, lakini baraka ni baraka, musinisukume!" Na mimi nikawa nimepiga magoti pamoja nao, kanzu inadondoka kutu, nawaomba, "Msinywe, mama zangu, kwa jina la Mungu msinywe, iko sabuni, iko kutu!"

"Hatunywi, Baba. Tutapaka tu."

Hapo ndipo tuliposikia pikipiki. Ni Ramazani, anapeleka soko la Kabambare kikapu cha samaki wa kukaushwa wa Nyangwe, harufu imemtangulia. Akasimama, akatazama povu, akatazama kanzu, akatazama wanawake chini ya gari. Hakucheka (Mungu amzidishie), alishusha macho akasogeza samaki mbele.

"Mwalimu, panda."

Kanzu haikufaa tena, ilikuwa imeloa na inanata. Nikaivua nyuma ya gari, nikabaki na fulana na kaptula ambayo sitaieleza. Mama Fatuma akafungua kikwembe chake cha juu, maana wanawake wetu hufunga viwili, akanifunga kiunoni kwa nguvu. Kilikuwa cha rangi ya waridi, chenye kuku na vifaranga. Akanipa bidoni na nusu yake.

"Nenda. Mimi nitabaki na ngamia wako."

Nikapanua miguu, nikamshika Ramazani kiunoni kwa mkono mmoja, wa pili umeshika Zamzam kifuani, na kila shimo lilipoturusha nilisikia maji yanagonga ndani, nikashukuru kwamba bado yapo. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba nitafika nikute wameshaanza kuchimba.

Tulipokaribia mji, adhana ilikuwa imetoka zamani na watu wapo barazani wananisubiri mimi na motokari yangu. Nikamnong'oneza, "Ramazani, pita haraka, usisimame."

Akageuza kichwa. "Mwalimu, wazee wamekaa pale. Wewe si ulitupiga fimbo ya kwamba hatupiti wazee bila kusimama na kutoa salamu?"

Akasimama. Katikati kabisa. Akatoa salamu kwa sauti nzuri, nzima, kama nilivyomfundisha, na baraza lote likaitikia, kisha macho yote yakashuka kwenye vifaranga. Mzee mmoja mwenye meno machache akauliza, "Huyu si Mwalimu Saidi wa Kasongo?" Wa pili akamjibu, "Ni yeye. Na Mama Fatuma amebaki na kanzu?"

Kicheko kile nitakisikia kaburini. Nikasema, "Shehe, nisameheni hotuba, naenda kwa dada yangu," na shehe, naye anajikaza mashavu, akaashiria twende.

Zaituni alikuwa mlangoni. Hakuuliza kitu juu ya nguo. "Bado, Mjomba," akasema. "Kuja."

Yaya Amina alikuwa amelala, mdogo kuliko nilivyomwacha. Tukamgeuza kuelekea Kibla, nikamshika kichwa, Zaituni akashika kikombe. Midomo ilitembea muda mrefu akiomba, kisha akanywa. Kidogo. Tukasubiri ateme. Hakutema. Akanywa tena, akafungua macho, akaangalia bidoni, akanitazama kutoka juu mpaka chini, mpaka kwenye kuku.

"Zaituni aliniambia lita tatu. Ingine iko wapi?"

Nikamwambia yote. Sikuficha sabuni, sikuficha povu wala wale wanawake. Akaanza kutikisika, tukashtuka tukadhani ndiyo yenyewe, kumbe anacheka, kicheko kisicho na sauti, machozi yanamtoka.

"Basi motokari yako imekunywa kabla yangu," akasema. "Kuanzia leo uiite Alhaji."

Alipotulia nikamuuliza, "Umeomba nini, Yaya?"

"Nimekuombea wewe. Maringo iishe."

Aliishi siku tisa baada ya hapo, akinywa kikombe kidogo asubuhi na kikombe kidogo jioni, mpaka bidoni ikaisha. Siku ya kumi ilikuwa tupu, na yeye hakuhitaji tena. Nami nimefanya hesabu hii mara nyingi katika sijida zangu, kwamba ningepanda pikipiki ile Alhamisi, ningefika magaribi, na bidoni ingefika nzima. Sisemi angeishi zaidi, saa ya mtu iko kwa Mungu. Nasema ile nusu ilikuwa yake, na mimi niliimwaga mlimani kwa sababu sikutaka kupanua miguu.

Mama Fatuma, Ramazani alimfuata jioni ile ile, na tulipopita mlimani baada ya matanga, wale wanawake walikuwa wamejenga kibanda cha makuti juu ya motokari ili jua lisiipige, na walikataa shukrani yangu. Bado iko huko huko. Siku hizi, nikitaka kwenda mahali, namwita Ramazani, napandisha kanzu mpaka magotini, nakaa, namshika kiunoni. Watoto wa Kasongo wakiniona wanapiga kelele, "Alhaji! Alhaji!" na mimi nawapungia mkono.

Wewe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu akufikishe kwa wagonjwa wako kabla ya saa yao, akupe chombo kisichovuja na moyo usiojivuna, na siku atakayokufunua, akuwekee pembeni mtu wa kukufunga kikwembe. Amina.