Mtutu Mzito wa Kaku

Wiki iliyopita nilimpelekea fundi cherehani wa mtaani kwetu gauni la binti yangu, na kabla hajaligusa akachukua kichupa chake cha mafuta akaitilia mashine matone mawili matatu. Harufu ile ikanikamata, nikabaki nimesimama mlangoni na gauni mkononi. Wengine wakinusa mafuta ya cherehani hukumbuka nguo za Krismasi. Mimi hukumbuka bunduki.

Kaku, babu yangu mzaa mama, hakuwa na cherehani. Kichupa cha mafuta kilikaa dirishani pake kwa ajili ya karabini, bunduki ndogo ya kuwindia ambayo sisi wa Lubumbashi tunaiita vingt-deux. Risasi yake ni fupi, nyembamba kuliko penseli, na hugongwa ukingoni mwa kitako chake, si katikati kama zile za bunduki kubwa. Inalia tak, kama mtu aliyevunja kijiti kikavu. Msije mkamwogopa mzee wa watu bure: karatasi zake zote za ruhusa zilikuwepo, na karabini ile aliitunza kuliko alivyoyatunza meno yake.

Maisha yake yote ya kazi Kaku alichonga vyuma katika karakana moja kule Kipushi. Alipostaafu akajenga nyumba ya vyumba viwili shambani kwake, katika komuni ya Annexe, nje kidogo ya mji, pembeni mwa kichuguu kirefu kuliko nyumba yenyewe. Bibi alikuwa amekwisha kufariki, hivyo akaishi peke yake na mahindi na karanga zake. Kanga, wale ndege wa madoadoa, walikuja kumfukulia mbegu, naye akawafukuza mpaka ndani ya sufuria. Kwetu hapakuwa na sikukuu bila kanga wa Kaku. Na kwetu sisi wenye asili ya Kasai, firigisi si nyama ya kuchezea. Ni ya baba mwenye nyumba, na mtoto anayeidokoa atasemwa mpaka siku ya kuolewa. Kwa kanga, Kaku aliongeza sheria yake mwenyewe: firigisi ni ya aliyepiga. Kwa hiyo ilikuwa yake miaka yote, naye aliitafuna polepole akitutazama mmoja mmoja, mzee mwenye maringo yule.

Bunduki yake ya kwanza ilikuwa nyepesi, yenye mtutu mwembamba. Nilipokuwa na miaka saba hivi aliipeleka kwa Papa, baba yangu, wakaiandikisha upya kwa jina la Papa, na Kaku akajinunulia nyingine kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. Hiyo ilikuwa ya kushindania shabaha za karatasi, na mtutu wake ulikuwa mnene kama mpini wa jembe toka mwanzo mpaka mwisho. Siku moja ikiwa tupu nilipewa niinyanyue. Pua yake ikaenda chini, na mimi nikaifuata.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Papa alifundisha fizikia katika shule ya sekondari, na nyumbani hakuwahi kupaza sauti hata tulipovunja sahani. Lakini kila Jumapili baada ya misa, tukishafika shambani, alibishana na baba mkwe wake kama wanawake wawili wanaogombea meza moja sokoni.

"Uzito njo macho ya bunduki," Kaku alikuwa akisema. "Piga bomba nyembamba na nyundo, utasikia vile iko inalia. Piga ya munene: kimya. Mututu yenye kutetemeka, risasi yake inapotea njia."

"Beau-père, ile ni mambo ya bunduki za bakubwa," Papa alijibu. "Vingt-deux baruti yake iko kidogo. Haipate moto, haitetemeke mingi. Ile uko unabeba ni chuma ya bure."

"Ya bure? Mwalimu, weye unazoea kupiga na chaki."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mimi nilikuwa upande wa Kaku, tena bila aibu, kwa sababu nilikuwa mama yake. Msishangae. Nilipewa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo hakunitaja kwa jina hata mara moja. Aliniita Mamu, na mbele ya wageni alinipa mikono miwili na kuinama kidogo kama kweli nilimzaa na kumnyonyesha. Nilikuwa na miaka tisa na niliyaamini yote hayo. Nikigoma kuoga mbele ya Kaku, Mama alishindwa kunichapa, maana nani atamchapa bibi yake?

Mwaka wa komunyo yangu ya kwanza, kanga hawakuja. Kaku alitoka Jumamosi tatu mfululizo na kurudi na mfuko mtupu. Kwanza risasi zilikuwa zimelowa, halafu jua lilimpiga machoni, halafu kanga wenyewe walikuwa wamepata akili. Mama hakucheka tena. Siku nyingi alikuwa akimwomba baba yake aliache shamba, aje kukaa nasi mjini, karibu na Kasapa, apikiwe na kufuliwa. Kaku alimjibu kila mara kwamba jogoo wa shamba hawiki mjini. Jumapili ile Mama akamkazia macho baba yake.

"Papa, unazeeka. Sasa unakuja."

Kaku akasema jambo ambalo mimi nililisikia kama mchezo, kumbe alikuwa anaiweka nyumba yake mezani.

"Tutapiga kartoni, miye na Mwalimu. Kama mukono yangu haijue tena bunduki, utafunga vitu vyangu leo leo."

Papa akabandika kipande cha kartoni, ukubwa wa daftari la shule, kwenye ubavu wa kichuguu ambacho kingemeza risasi zote, akahesabu hatua hamsini. Mimi niliwekwa kuwa mhesabu wa matundu. Kaku akasimama na karabini yake nzito, akavuta pumzi, akapiga mara tano. Nikakimbia kuangalia: matundu matatu. Papa akapiga tano kwa ile nyepesi: mawili. Nikapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani akajibu. Mama akaanza kulegea uso, na mambo yangeishia pale kwa amani.

Lakini mdomo uliponza kichwa. Juma lile shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba ukitaka kulinganisha vitu viwili kwa haki, lazima ubadilishe kimoja tu. Nikasimama katikati yao, mikono kiunoni, nikiwa na hamu ya kumwonyesha Papa kwamba na mimi najua fizikia.

"Haiko sawa! Hatujue kama ni bunduki, hatujue kama ni mutu. Mubadilishane!"

Papa alinigeukia kwa uso nisioujua. "Funga kinywa. Ni nani amekuuliza?"

Nilihisi masikio yakiwaka. Katika maisha yangu Papa hakuwa amenisemesha hivyo, na hapa nilikuwa nimesema kweli tupu, kweli ambayo yeye mwenyewe angenipa alama zote kama ningeiandika kwenye mtihani. Nikaanza kulia. Kaku akanitazama, akaitazama karabini yake, akamkabidhi Papa.

"Muache, Mwalimu. Mamu anasema. Mama akisema, mutoto hana la kujibu."

Akaichukua bunduki nyepesi, ile aliyowinda nayo zaidi ya nusu ya maisha yake. Nilikuwa karibu kiasi cha kuuona mtutu ukizungukazunguka hewani kama inzi anayetafuta pa kutua. Akapiga tano. Nikaenda kuangalia, nikarudi taratibu, maana hata mimi niliona kwamba habari yangu si nzuri. Hapakuwa na tundu jipya hata moja. Mama akaweka chini sinia la karanga alizokuwa anachagua. Alifungua mdomo, na sote tulijua neno litakalotoka.

"Ngoja," Papa akasema. "Miye sijapiga."

Akainyanyua ile nzito, akalenga kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona mtu akilenga. Tak. Vumbi likatoka kichuguuni, kushoto mwa kartoni. Tak, vumbi tena palepale. Mara tano. Kartoni haikuguswa. Papa akaishusha bunduki, akajisugua bega, akapiga kelele za mtu aliyeonewa.

"Inanishinda! Iko nzito sana hii kitu. Inataka mwenyewe wake."

Mama alimtazama mumewe, akamtazama baba yake, kisha akaokota sinia lake, akaendelea kuchagua karanga. Matatu kwa mawili, sifuri kwa sifuri. Vitu vya Kaku havikufungwa.

Niliona aibu ya kufa. Kaku alikosa, sawa, alikuwa mzee na bunduki ilikuwa nyembamba. Lakini Papa, mwalimu mzima, mwenye mikono iliyochora duara ubaoni bila kifaa, kukosa tano kati ya tano! Shuleni nilificha habari ile kama mtu anavyoficha chawa.

Wakati Mama anapika, nilimwona Kaku akienda kichuguuni na kisu. Alisimama pale kitambo, akachimba, akarudi amefumba kiganja. Nilipomkimbilia alikifungua kidogo: vipande vitano vya risasi, vimebondeka. Nikadhani anavikusanya viwe vizito vya kuzamishia ndoana zake. Nikaenda kuchungulia alipochimba. Kushoto mwa kartoni palikuwa na tundu moja, dogo, ambalo ningelifunika kwa yai la kuku.

Mama alikuwa amechinja jogoo, kwa kuwa kanga hawakuwepo. Firigisi ikawekwa mbele ya Kaku, mwenye nyumba. Akaikata katikati, na nusu akaiweka kwenye sahani ya Papa. Papa akainamisha kichwa, akala. Nikanuna mpaka jioni. Mtu anakosa zote, halafu analipwa firigisi!

Kaku aliishi shambani kwake miaka mingine mitatu, mpaka siku alipolala asiamke. Tangu Jumapili ile alimwita Papa kila Jumamosi asubuhi aje amsaidie kuibeba ile nzito, na kanga wakarudi mezani kwetu, wakiwemo wa komunyo yangu. Tukiuliza nani amepiga, wote wawili walijibu jibu moja: "Ni karabini." Firigisi ilikatwa katikati kila mara. Nao waliendelea kubishana juu ya mtutu, kwa sauti ileile.

Nilikuwa mtu mzima, nimeshazaa, siku akili iliponirudi. Nilikuwa nafua, sifikirii lolote la maana, nikajiuliza: inakuwaje mtu achimbue risasi tano kutoka tundu moja linalofunikwa na yai? Nikaacha nguo ndani ya beseni nikakaa chini. Mtu anayekosa ovyo hapeleki risasi zake zote mahali pamoja. Zile zilikuwa zimeelekezwa pale, na mkono usiotikisika, na mtutu ambao haukumwangusha. Kaku aliliona vumbi, akaenda kuhakikisha kwa kisu, na kwa siku moja alijifunza kwamba alikuwa amesema kweli juu ya karabini yake, kwamba mkono wake ulikuwa umekwisha, na kwamba binti yake aliolewa na mwanamume wa namna gani. Ndipo nikaelewa pia kelele zote zile za Jumapili. Walipokuwa wakibishana juu ya chuma, hakuna aliyepata nafasi ya kusema habari ya mikono ya Kaku. Heshima si utumwa, wanasema, na mimi nilikuwa nimekaa ndani yake miaka mingi nikiiita kushindwa. Nililia palepale juu ya sabuni, kwa kumpenda Papa.

Papa yupo, anatembea na fimbo, na bado anabishana vizuri. Mwezi uliopita nilimketisha nikamwambia yote: vumbi, tundu, yai, risasi tano mkononi mwa Kaku. Nikamwuliza, sasa aniambie kweli, mtutu mzito unaifaa bunduki ndogo au haufai?

Alinisikiliza mpaka mwisho, uso mkavu kabisa.

"Haifae kitu," akasema. "Nilijaribu miye mwenyewe, nikakosa yote tano. Si weye njo ulihesabu?"