Bunduki kwa Bei ya Mtamba Mmoja

Mwanangu, umeniuliza kama bei ya bunduki wanayotaka kukuuzia ni ya haki. Nakumbuka siku moja ya soko pale Kabingo, mimi mwenyewe niliiona ni ya haki kabisa.

Nilikuwa kijana, hatujakaa sana tangu tutoke Kivu ya Kusini, nachunga ng'ombe wa familia hapa kambini Nakivale, Uganda. Wezi walikuwa wametuchukulia watatu, na baba wakampiga rungu la bega. Mkono wake haukupona sawasawa. Basi sokoni mtu mmoja akaniita kando, akasema anayo bunduki, anataka mtamba mmoja tu, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Mtamba mmoja kuokoa kundi zima! Nikaona nimebahatika.

Nikiwa narudi nilikutana na rafiki yangu Byamungu, mchungaji mwenzangu, nikamweleza yote: mtu, mahali, bei.

Mtamba wa kutoa alikuwa wa shangazi, dada yake baba. Nilimkuta anachambua maharage, nikamwomba. Hakuinua kichwa.

"Uyo mutu, yeye haogopi bezi?"

"Kila mtu anawaogopa wezi, shangazi."

"Sasa juu ya nini anauzisha bunduki yake? Na juu ya nini bei iko chini vile? Iko kitu anakimbia. Mtamba yangu haitoki hapa."

Nilinuna. Siku mbili sikugusa chakula chake. Na katika kununa huko, maneno yake sikumfikishia Byamungu.

Byamungu alitoa mtamba wake, akaichukua bunduki. Hakupiga hata risasi moja. Mwezi haukuisha, polisi wakaitoa chini ya kitanda chake. Kumbe ilikuwa ya mlinzi wa duka moja mjini Mbarara, aliyeuawa akiwa kazini. Muuzaji hakuonekana tena. Byamungu hakuua mtu, lakini ndiye aliyekutwa nayo. Alifungwa miaka saba.

Nilikwenda gerezani kumwona, nimebeba sabuni na sukari. Akanitazama, akasema, "Bei uliniambia. Maneno ya shangazi yako, juu ya nini haukuniambia?"

Nilimwachia vile nilivyobeba, mwanangu, nikarudi nyumbani.

Kwa hiyo usiishie kuuliza kama bei unaimudu. Uliza kitu kimetoka wapi, na kwa nini mwenyewe anataka kuachana nacho haraka. Wezi wakija, piga yowe majirani waje, na polisi uwaambie hata kama wanachelewa. Sisi baadaye tulilinda mazizi kwa zamu. Ng'ombe wengine bado waliibiwa, sikufichi, lakini hatukumzika mtu wala hatukumpeleka mtu gerezani. Na ukionywa, mpelekee mwenzako onyo hilo siku hiyohiyo, hata kama limekukasirisha.

Mungu aliyetuvusha mpaka salama akulinde wewe na mifugo yako, akupe watu wa kukukataza, na akupe moyo wa kuwasikiliza. Amina.