Weris Alivyosimama Katikati ya Muziki

Liban alichukuliwa mchana kweupe, akiwa amebeba dumu la maziwa begani. Gari lisilo na nambari lilisimama karibu na soko la Garissa, wanaume waliovaa kiraia wakamwita kwa jina lake, naye akawaendea kwa sababu walimwita kwa adabu. Dumu likabaki barabarani. Mama yake, Weris, aliletewa dumu kabla ya kuletewa habari.

Weris ni mjane, muuzaji wa maziwa ya ngamia, na Liban ndiye mtoto pekee aliyebaki naye nyumbani. Tangu siku ile alianza kazi nyingine ambayo hakuna aliyemfundisha: kutafuta. Kituo kimoja cha polisi kilimtuma kwenye kingine. Alikwenda mpaka Liboi, mpakani na Somalia, kwa kuwa mtu alisema ameona kijana anayefanana na Liban akishikiliwa kwenye kizuizi; alikuta ni utingo wa lori, wala hakufanana naye hata kidogo. Ofisini kwa mkuu wa usalama alikalia benchi mpaka askari wa mlangoni wakamzoea kama shangazi yao. Mkuu mwenyewe hakumwona. Alikuwa mkutanoni, au safarini, au ametokea mlango wa nyuma. Huku nyumbani Weris akasahau kufukiza moshi vyombo vyake vya maziwa, maziwa yakawa yanaharibika, na wateja wakahamia kwa wengine.

Ndipo mdogo wake, Faiza, mwenye mkahawa, alipokuja kumweleza kwamba amepata kazi ya kupika chai na sambusa kwenye ufunguzi wa ukumbi mpya wa chuo. Mpiga piano mashuhuri, Nduku Mwinzi, mwanamke wa Kitui aliyejaza kumbi kubwa za Ulaya, alikuwa anakuja kupiga peke yake. Piano ilikuwa imeshafika kwa lori kutoka Nairobi, imefungwa kwa mablanketi.

"Anaimba nini?" Weris aliuliza.

"Haimbi. Anapiga tu, watu wanasikiliza. Tumeambiwa hakuna kuongea, hakuna simu, hakuna kutoka mpaka amalize."

"Hata wakubwa?"

"Hata wakubwa, abaayo, dada yangu. Wao watakaa mbele kabisa, kimya."

Weris akaweka kikombe chini. "Basi nitakusaidia kubeba chupa za chai."

Faiza alielewa anachopanga dada yake. "Sitapata kazi kwao tena," alisema.

"Najua."

"Vaa buibui yangu mpya. Hiyo yako inanuka maziwa."

Jumamosi ya ufunguzi, baada ya alasiri, Weris alisimama nyuma ya ukumbi kando ya meza ya chai. Nduku aliingia, mwanamke mfupi mwenye gauni jeusi, akainama mbele ya watu, akaketi. Sauti zikaanza kudondoka moja moja kama mvua ya kwanza kwenye mabati, kisha zikaja kwa wingi. Weris hakuzisikiliza. Alikuwa akitazama kisogo cha mkuu wa usalama, ambaye Faiza alimwonyesha kwa kidole katika safu ya mbele, huku akipanga maneno yake ya Kiswahili. Aliamua kwamba mama huyu wa piano akinyamaza, yeye ndiye atakayesema.

Nduku akaondoa mikono. Ukumbi ukatulia tuli. Weris akatoka mbele ya meza, akainua mikono juu ili aonekane.

"Mimi naitwa Weris—"

Makofi yakalipuka. Alipaza sauti, lakini hata yeye mwenyewe hakuisikia. Mwalimu mmoja mzee alipomwona mama amesimama mikono juu, alidhani muziki umemgusa, naye akasimama. Safu yake ikamfuata, na nyingine, mpaka safu ya mbele. Mkuu wa usalama akasimama pia, akageuka nyuma akipiga makofi, akamtabasamia Weris.

Watu walipoketi, Weris alibaki ameshika ukingo wa meza. Alikuwa ameelewa jambo moja: kimya cha watu hawa ni kifupi, na nyuma yake kuna kelele. Kama anataka kusikika, lazima aseme muziki ukiwa unaendelea.

Kipande kilichofuata kilikuwa cha taratibu. Weris alitembea katikati ya viti mpaka mbele.

"Samahani, mama," alimwambia Nduku kwanza. Kisha akamgeukia mkuu. "Mimi siko na neno mingi. Kijana yangu anaitwa Liban. Walimchukua hapa mjini, akibeba maziwa. Kama amefanya makosa, peleka yeye kortini nimwone. Kama amekufa, nipe nimzike. Hiyo ama hiyo."

Piano ilinyamaza. Walinzi wawili wakaja mbio kutoka mlangoni.

"Mwacheni amalize," Nduku alisema.

Mkuu akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mama, pole sana. Jambo hili linashughulikiwa. Njoo ofisini Jumatatu."

"Ofisi yako nimekuja. Askari yako wote wananijua. Wewe tu ndiye sijawahi kuona."

Mtu mmoja alicheka nyuma, akanyamaza. Simu zilikuwa zimeinuliwa kila upande. Mkuu akaketi. Nduku akashuka jukwaani, akashika mikono ya Weris.

"Sina uwezo wowote, mama. Hata sijui nikwambie nini."

"Najua," Weris alisema. "Wewe endelea na kazi yako."

Walinzi walimtoa pole pole, kwa sababu ya zile simu. Akiwa nje kwenye ngazi alisikia kile kipande kikianza upya. Faiza alimfuata, wakakaa pamoja mpaka magari ya wakubwa yakaondoka.

Jumatatu mkuu alikuwa safarini. Lakini video ilikuwa imesambaa, na mfanyakazi wa mochari ya mji wa mbali akapiga simu. Kuna kijana pale, alisema, mrefu, ana kovu la moto mkononi. Liban alikuwa na kovu kama hilo. Weris alinunua sanda, akaitia kwenye begi, yeye na Faiza wakapanda basi.

Mfanyakazi alifunua shuka. Hakuwa Liban.

"Alhamdulillahi," Faiza alisema, machozi yakamtoka.

Weris hakulia. Aliuangalia ule uso, masharubu ndiyo kwanza yanaanza kuota. "Huyu mama yake amekuja?"

"Hakuna aliyekuja."

Akamwombea dua, kisha akamkabidhi mfanyakazi ile sanda amvishe.

Nje, Faiza alimshika bega. "Si yeye, abaayo. Huenda yuko hai."

"Nilipoona si yeye, nilivunjika moyo," Weris alisema. "Nilitaka awe yeye, Faiza. Nilitaka iishe. Mungu anisamehe."

Waliketi kwenye kituo cha basi, wamefunika nyuso kwa sababu ya vumbi, wakisubiri gari la kurudi Garissa. Liban hajapatikana mpaka leo.