Nyama Anakula Nani?

Asiya wa mtaa wa Buyenzi hakwenda Nairobi kupunguzwa tumbo ili apendeze, hata kidogo. Miaka sita alikuwa akiswali kwenye kiti, mwili umeyashinda magoti, na alilotamani ni moja tu: kuweka paji la uso chini mbele ya Mola wake. Basi akapasuliwa, mfuko wa chakula tumboni ukabaki mdogo, kilo zikaanza kushuka.

Mumewe Shakuru, fundi wa magari, akashika jiko. Loo, mapenzi ya mtu yule! Leo kuku, kesho samaki. Anachemsha mpaka mifupa inalegea, anachuja, anampelekea mkewe bakuli la supu. Mama yake alimfundisha kwamba nguvu yote ya nyama huhamia kwenye maji. Ile nyama iliyobaki, kwa kuwa kutupa chakula ni dhambi, akaila yeye.

Mwezi wa nne baada ya kupasuliwa, Asiya akatandika mswala nyuma ya mumewe, akasujudu. Alilia kwa furaha palepale chini. Kisha akataka kuinuka, miguu ikakataa. Shakuru ikabidi akatishe swala amnyanyue, na kiti kikarudi.

"Nimekatwa tumbo bure," Asiya akasema. Tusifichane, moyo ulimvunjika.

Wakaenda mtaa wa Rohero kwa Marguerite, muuguzi Mkongomani anayeshughulikia lishe. Akauliza mgonjwa anakula nini.

"Supu ya kuku!" Shakuru akajibu kwa majivuno. "Mi mwenyewe nampikia."

"Na nyama anakula nani?"

Marguerite akatazama vifungo vya shati la Shakuru, vilivyokuwa vimekaza tumboni.

"Papa! Kumbe ni we!" akasema, maana kwao kila baba huitwa Papa.

Asiya akacheka mpaka akajishika mbavu. Shakuru hakucheka.

"Basi mi nimekula miguu ya mke wangu," akanong'ona.

"Apana, Papa, hukujua," Marguerite akamtuliza. "Supu ni tamu, ila haijengi misuli. Tumbo ni dogo, basi aanze na samaki, yai, kuku, maharagwe. Haba na haba, atafune polepole. Ugali ufuate. Na kile kiti musikitupe: akae, asimame bila mikono, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni."

Tangu siku hiyo Shakuru akawa anamtolea miiba samaki wa ziwani aitwaye mukeke kwa vidole vyake vyeusi vya grisi, kisha anamhesabia kitini. Akimwona anahema, huruka namba.

"We fundi mwizi!" Asiya humgombeza. "Ile ilikuwa ya sita, si ya nane. Rudia!"

Ijumaa moja wakaswali magharibi nyumbani, Shakuru mbele, Asiya nyuma yake juu ya mswala, kiti kimeachwa ukutani. Wakasujudu. Shakuru akainuka kwa rakaa ya pili, akangoja. Nyuma kimya. Akangoja tena. Kisha akasikia goti likilia, kanga ikichakarika, na pumzi ya mkewe ikapanda taratibu mpaka usawa wa bega lake.

Akaanza kusoma. Alipofika Alhamdulillahi, sauti ikamkatika. Akairudia mara tatu ndipo akaweza kuendelea.